Mashine Iliyoomba Kuokolewa

Wiki iliyopita ofisini kwetu walitoa stoo kompyuta ya zamani, ya kioo chenye mgongo mnene, wakaichomeka waone kama bado inawaka. Haikuwaka sawasawa, lakini feni yake ilizunguka, na punde chumba kikajaa harufu ya vumbi linaloungua polepole. Wenzangu wakafungua madirisha. Mimi nilitoka nikasimama kwenye korido, nikajifanya napokea simu. Wao walinusa mashine chakavu. Mimi nilinusa chumba cha baba yangu, dawa ya kuchulia yenye mkaratusi, na mashuka yaliyokosa jua kwa sababu ya ukungu.

Nyumba yetu ilikuwa juu ya mji wa Lushoto, mahali ambapo ukisimama mlangoni asubuhi unasikia malori ya kabichi yakiteremka kwenda Mombo lakini huyaoni. Wenzangu mliokulia milimani mnaujua ukungu wa miezi ya baridi, unavyoingia ndani bila hodi na kukaa mpaka saa nne. Baba alikuwa mwalimu wa hisabati sekondari. Shule ilipopata kompyuta mpya, yeye aliomba moja ya zile zilizotupwa, akaifungua, akaifuta vumbi kwa brashi ya rangi, akaweka humo mfumo wa bure aliopewa kwenye diski alipokwenda semina Tanga. Mtaani hakuna aliyekuwa na mfumo kama ule. Watu walioujua ule wa kawaida walikuja, wakatazama, wakatikisa kichwa.

Nilikuwa darasa la nne. Jioni alinipakata mbele ya kioo na kunieleza mambo kana kwamba mimi ni mwanafunzi wake wa kidato cha tatu. Aliniambia mashine haiamki yote kwa mpigo. Kwanza inaamka programu ndogo sana, ambayo kazi yake ni moja tu, kwenda kumwamsha mkubwa. Yule mkubwa alimwita kiini, kama kiini cha yai. Na diski, alisema, imegawanywa vyumba vyumba vyenye namba, na yule mdogo hana akili nyingi, anachokijua ni namba ya chumba alicholala kiini.

"Akiisahau je?" niliuliza.

"Basi hakuna anayeamka," alisema, akacheka. "Tunakaa gizani na chai yetu."

Alianguka akiwa amekaa palepale. Nilikuwa sakafuni nikikata karatasi. Nilisikia kiti kikikwaruza sementi, nikageuka, nikamwona ameinama upande mmoja, mkono wa kulia umening'inia, mdomo umekwenda kando. Alikuwa akiniangalia. Alijaribu kusema kitu na kilichotoka hakikuwa neno. Nyuma yake kioo kiliendelea kuwaka kwa utulivu, maandishi yake yamejaa humo, na mshale mdogo ukipepesa mahali alipoishia kuandika.

Wakubwa walisema ni kiharusi. Hakuna aliyenieleza kiharusi ni nini, kwa hiyo nilijieleza mwenyewe. Dakika moja kabla alikuwa na sauti, na dakika moja baadaye hana, na katikati hapo hakukuwa na kitu kingine chumbani isipokuwa mimi na mashine. Sauti haikuwa imeingia kwangu. Kwa akili ya miaka kumi jibu lilikuwa wazi kabisa, na nilishangaa kwamba watu wazima hawalioni.

Aliporudishwa kutoka hospitali, upande wa kulia ulikuwa umekufa na hakuweza kutamka hata jina langu. Walimpa kalamu mkono wa kushoto; ukatetemeka, ukachora mikwaruzo kama ya kuku. Walimpa simu ya Mama, ile ya vitufe vidogo. Kidole kikabonyeza vitatu kwa pamoja, akaitupa kitandani. Baba Mdogo, aliyemfuata Baba kwa kuzaliwa, alisimama mlangoni akiyatazama hayo, kisha akamwambia Mama kwa sauti ya chini, "Shemeji, tukubali tu. Kaka yupo kwa mwili."

 Mama alikuwa fundi cherehani, lakini cherehani ilikuwa imefunikwa tangu siku ile. Alimlisha Baba uji kwa kijiko, akamwogesha, akamgeuza. Siku moja bafuni kiti kiliteleza, Baba akaanguka na Mama akamwangukia. Alimnyanyua kwa kuita majirani, akamkagua, hakuona jeraha. Baada ya siku hiyo Baba alianza kulia. Kila mchana Mama alipomgeuza alilia, machozi yakishuka mpaka masikioni, na sauti ile isiyo neno ikimtoka. Mama alidhani ni huzuni. Alimfuta, akamwimbia wimbo wa kanisani, na kumlaza kwa ubavu wa kulia ili aelekee dirishani aione milima ukungu ukifunguka. "Tazama, Baba Tabi," alimwambia, akimwita kwa jina langu. "Tazama kunavyopendeza leo." Naye alilia zaidi.

Kompyuta ilikuwa imechukuliwa na Baba Mdogo aitumie kwenye duka lake la kuchapa na kutoa kopi kule mjini. Hakufanya kwa ubaya, alisema ikikaa bure itaharibika. Lakini mfumo wa Baba ulimshinda, akamleta kijana mmoja fundi kutoka Mombo aweke ule wa kawaida pembeni ya ule wa zamani. Kijana akafuta chumba kimoja kwenye diski kupata nafasi, halafu kazi ikamshinda katikati, akaondoka kuwahi basi. Kesho yake mashine ilipowashwa ilileta kioo cheusi na maneno mawili matatu ya Kiingereza. Wakairudisha nyumbani kama maiti, wakaiweka sebuleni juu ya meza, Mama akaifunika kitambaa cha kufuma.

Nilisubiri Mama aende kanisani kwenye mazoezi ya kwaya ya kina mama, nikaifunua na kuiwasha. Feni ikanguruma, vumbi likaungua, kioo kikawa cheusi. Mstari wa kwanza sikuuelewa. Wa pili ulisema "grub rescue", na mbele yake kulikuwa na kimstari kikipepesa, kikipepesa, kama mtu anayesubiri ajibiwe. Niliyanakili maneno yale kiganjani kwa kalamu, nikampelekea mwalimu wetu wa Kiingereza.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hili la kwanza silijui. Hili la pili ni kuokoa," alisema. "Kama mtu amezama, unamwokoa. Umelitoa wapi?"

Sikumwambia. Nilitembea nyumbani nikiwa nimefumba kiganja. Sasa nilikuwa na uhakika. Alikuwa humo ndani, gizani, na alikuwa anaomba.

Wakati huohuo ndugu walikutana. Walikaa sebuleni, wakinywa chai, wakiizungumzia safari kama vile Baba hayupo chumba cha pili na mlango uko wazi. Waliamua apelekwe Mtae, nyumbani kwa babu, akatunzwe na shangazi na kutafutiwa dawa za kwetu. Mama na mimi tungebaki Lushoto kwa ajili ya shule yangu, na Mama angerudi kwenye cherehani yake. Gari lingekuja Jumamosi asubuhi. Mtu mmoja aliuliza kama ataihimili ile barabara. Baba Mdogo alisema, "Hata akikaa hapa, anahimili nini?" Mama alikuwa akitazama mikono yake. Akasema, "Nimechoka, shemeji. Fanyeni mnavyoona." Usiku ule alilala bila kula.

Ijumaa mchana Mama aliteremka sokoni kununua vitu vya safari. Nilijua Baba akishapelekwa Mtae na mashine ikabaki huku, mambo yameisha. Mwili ungekuwa kule ukingoni mwa mlima na sauti ingekuwa huku chini ya kitambaa. Baba nisingeweza kumbeba kumpeleka sebuleni. Basi nikaipeleka sebule kwake. Nilibeba boksi la mashine kwanza, nikatua mara kadhaa. Kioo kilikuwa kizito kunishinda, nikakishusha juu ya khanga na kuiburuta khanga sakafuni mpaka chumbani, nikiwa nalia kwa hofu kwamba nitakivunja na kumwua humohumo. Nilikipandisha juu ya sanduku la nguo, sijui hata leo nilikipandishaje. Nyaya nilizijua, nilikuwa nimezitazama kila jioni.

Baba alikuwa amelala chali, mito nyuma yake, akinifuata kwa macho.

"Baba," nilimwambia, "inaomba kuokolewa."

Nikawasha. Maneno yalipotokea, macho yake yalifunguka yote. Alitoa sauti, akanyoosha mkono wa kushoto hewani na kuukunja na kuunyoosha. Nikaichukua kibodi nikamwekea tumboni.

Kidole chake kilitafuta muda mrefu. Kikashuka kwenye herufi moja, kikasafiri, kikashuka kwenye nyingine. Kisha akabonyeza kitufe kikubwa cha pembeni, na mashine ikajibu. Ilijibu kwa mstari mzima! Mabano, herufi, namba, mabano. Niliruka. Kwangu mimi walikuwa wamesalimiana.

Aliandika tena, akakwama. Alitaka kuandika mabano, na mabano yanahitaji vitufe viwili vibonyezwe pamoja, kimoja huku na kingine kule mbali, naye alikuwa na kidole kimoja kinachomtii. Alijaribu, akajaribu, jasho likamtoka. Kisha akashika kidole changu, akakiburuta mpaka kwenye kitufe cha kushoto kabisa, akakikandamiza pale. Nikaelewa. Nilishikilia, yeye akabonyeza cha kule. Bano likatokea. Nilipoachia mapema ilitokea tisa, na aligonga kibodi kwa hasira, nikashikilia upya.

Tulipita chumba baada ya chumba. Aliuliza cha kwanza, mashine ikasema haikijui. Aliuliza kingine, ikasema hivyohivyo. Yule fundi alipofuta chumba kimoja, vyumba vya nyuma yake vilisogea namba, na ile programu ndogo ilikuwa bado inabisha hodi kwenye saba wakati kiini kimelala sita. Hayo nimeyaelewa ukubwani. Siku ile niliona tu kwamba alipouliza sita, maneno mengi yalimiminika, na Baba akafunga macho na kifua chake kikapanda na kushuka.

Aliyafungua, akaanza kuandika mstari mrefu. Tulikuwa katikati yake umeme ulipokatika.

Sijawahi kusikia ukimya kama ule. Feni ilizunguka ikiishiwa nguvu, kioo kikalia kidogo, kikafa. Baba alitazama kioo kilichokufa na kilio kikamtoka ambacho majirani lazima walikisikia. Nilimshika mkono nikimwambia, "Utarudi, Baba, utarudi," lakini sikuwa na hakika ni kitu gani nasema kitarudi. Nilijua tu kwamba tulikuwa tumefika mlangoni kwake na mlango umefungwa.

Mama alitukuta hivyo, na Baba Mdogo nyuma yake, amekuja kupanga safari.

"Tabitha! Nini hiki?" Mama alidondosha kikapu. "Umemfanya nini baba yako?"

"Shikamoo Baba Mdogo," nilisema, kwa kuwa hata katika hali ile isingewezekana kuacha, kisha nikaanza kusema yote kwa pamoja, sauti, mashine, kuokoa, sita.

"Mtoto amemtesa mgonjwa kwa michezo," Baba Mdogo alisema. Akainama kuzichomoa nyaya. "Toa hii kibodi."

Baba aliishika kibodi. Aliishika kwa vidole vyake vyote vya kushoto na hakuiachia, na wakawa wanavutana, ndugu wawili, mmoja amesimama na mmoja amelala. Mama alitazama mkono ule.

"Mwache," alisema.

"Shemeji, gari ni kesho..."

"Nimesema mwache. Umeme ukirudi nataka kuona anachotaka."

Tulikaa tukisubiri. Mama alikaa kitandani, Baba Mdogo kwenye ndoo aliyoigeuza. Mvua nyepesi ilianza juu ya bati. Nilisali kwa namna watoto wanavyosali, kwa kutoa ahadi ambazo siwezi kuzitimiza. Kabla giza halijaingia taa iliwaka, na mimi nikabonyeza kabla mtu hajasema lolote.

Maneno yale yale, kimstari kile kile. Baba hakuuliza vyumba tena. Kidole kilikwenda, nami nikishikilia kitufe changu kila aliponitazama. Alikosea, akafuta, akarudia. Mkono ulitetemeka kiasi kwamba Mama aliushika kifundo, si kuuongoza, kuutuliza tu. Nikamsikia Baba Mdogo nyuma yangu akisogea karibu. Alikuwa akiangalia kidole kikiruka herufi isiyotakiwa na kwenda kwenye inayotakiwa, kikirudi nyuma kufuta kosa, kikiendelea.

"Anajua anachokifanya," Mama alisema polepole. "Shemeji, unaona? Anajua."

 Baba Mdogo alikuwa amevua kofia.

Mstari wa kwanza ulipita kimya. Wa pili ulipita. Baada ya wa tatu ukatokea ukurasa wa kuchagua, na Baba akabonyeza kitufe kikubwa, na kioo kikaanza kumwaga maandishi meupe, mstari juu ya mstari, haraka kuliko macho. Kiini kilikuwa kinaamka. Nilimgeukia Baba, nikausogelea mdomo wake. Nilikuwa nasubiri. Mashine ilimaliza kuwaka, picha yake ya zamani ya bwawa na miti ikajaa kioo, Mama akapiga vigelegele vifupi, na Baba akafungua mdomo.

Ilitoka sauti ileile. Ile isiyo neno.

Sijui niwaelezeje. Kila mtu chumbani alikuwa amepata kitu na mimi nilikuwa nimepoteza kitu kilekile kwa mara ya pili. Nilikimbilia nyuma ya jiko nikalia mpaka nikatapika. Waliniacha wakidhani ni furaha.

Nilipoitwa kurudi nilikuta Mama amefungua programu ya kuandikia kwenye mashine kwa kuelekezwa na kidole cha Baba, na kwenye ukurasa mweupe kulikuwa na maneno machache ya herufi ndogo, bila nukta:

mama tabi nyonga ya kulia imevunjika bafuni

Mama alikuwa amesimama, viganja vyote viwili mdomoni. Baba aliandika tena, na sisi tukasoma herufi moja moja zikija. Usinilaze huko.

"Kila siku," Mama alisema. "Kila siku nilikuwa namlaza huko. Ili aone nje." Akakaa sakafuni palepale, miguu imemnyooka mbele kama mtoto, akaendelea kusema kila siku, kila siku, mpaka sauti ikaisha. Baba Mdogo alipiga magoti pembeni ya kitanda akamwambia kaka yake maneno ya Kishambaa, na siwezi kuyaandika hapa kwa sababu aliyasema kwa Baba peke yake. Kisha akatoka kwenye mvua kumpigia mwenye gari. Gari lilikuja Jumamosi kama lilivyopangwa, lakini halikuelekea Mtae. Liliteremka hospitali, na Baba Mdogo ndiye aliyemshikilia Baba mapajani njia nzima ili kona zisimtikise.

Ningependa kuwaambia kwamba alipona. Mfupa ulikuwa umeanza kuunga vibaya, na waliyoyafanya yalipunguza maumivu, hayakurudisha mguu. Hakutembea tena na hakusema tena. Alirudi akiwa amekonda. Mashine nayo ilikuwa imerudi kwenye kioo cheusi, kwa kuwa yale tuliyoyaandika yalidumu mpaka umeme ulipokatika tena. Siku hiyo niliandika mimi, kwa kumbukumbu, na yeye akinitazama. Nikikosea anagonga ubao wa kitanda. Ilipowaka aliandika mwenyewe amri ya kuiambia ile programu ndogo iishike namba mpya moja kwa moja. Baada ya hapo iliwaka kila tulipoiwasha, na aliishi nasi kwa kuandika miaka kadhaa, mpaka nilipokuwa sekondari. Aliandika kuomba chumvi, aliandika kunisahihisha hesabu, aliandika ugomvi na Mama. Mama hakumlaza tena kuelekea dirishani, hata alipomwomba.

Nilichukua muda kabla ya kumwambia. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, Mama yuko kwenye cherehani chumba cha pili, mimi nimekaa kitandani miguuni pake.

"Baba, siku ile nililia kwa sababu nilidhani sauti yako imo humu. Nilidhani ikiwaka itatoka."

 Nilingoja acheke kwa ile njia yake mpya, kwa mabega. Yeye ndiye mtu pekee mji mzima aliyejua kilichomo ndani ya mashine ile, waya kwa waya. Akashusha kidole, akaanza kuandika polepole, nami nikasoma.

nilijua haimo. lakini ulipoiwasha sebuleni nami nilikuwa nasikiliza

Cherehani ikanyamaza chumba cha pili, tukasikia hatua za Mama. Baba akaweka kidole kwenye kitufe cha kufutia, akayafuta yote, herufi moja moja, akamaliza kabla Mama hajafika mlangoni.